Msichana Aliyepotea na Siri za Nyumbani



Siku hizi televisheni imefika hata vijijini. Jioni watu hukusanyika kwa jirani au kwenye kibanda cha video, wakatazama tamthilia. Tamthilia ni hadithi inayoigizwa na watu na kuonyeshwa sehemu kwa sehemu. Leo unaona sehemu moja, wiki ijayo unaona nyingine.

Ziko tamthilia za aina moja zinazopendwa sana. Mtoto amepotea. Polisi wanafika. Wakianza kuuliza maswali, siri za nyumba ile zinatoka moja moja. Watazamaji wengine huchoka wakasema, "Aa, mambo haya hayaeleweki. Kila mtu ni mwongo!" Basi, leo tutaeleza tamthilia moja ya namna hiyo. Tutaona kwa nini kila mtu anadanganya, na sisi tunapata funzo gani.

Hadithi yenyewe

Mwaka 2007 televisheni ya taifa ya Denmark ilionyesha tamthilia iitwayo Forbrydelsen, yaani "Uhalifu". Denmark ni nchi ndogo iliyoko kaskazini mwa Ulaya. Mji wake mkuu ni Copenhagen, na hadithi hii inatokea humo. Aliyeitunga ni Søren Sveistrup. Ilikuwa na sehemu 20, na kila sehemu ilikuwa siku moja ya upelelezi. Sehemu 10 zilionyeshwa mwanzoni mwa mwaka, na 10 za mwisho zikaonyeshwa miezi ya mwisho ya mwaka. Katikati hapo watu walikaa miezi wakibishana: muuaji ni nani?

Hadithi inaanza hivi. Msichana wa miaka 19, jina lake Nanna, haonekani nyumbani. Baba yake, Theis, na mama yake, Pernille, hawana wasiwasi. Wanadhani yuko kwa rafiki yake. Kumbe hayuko huko. Mpelelezi wa polisi, mwanamke aitwaye Sarah Lund, anaanza kumtafuta. Mwisho maiti ya Nanna inapatikana ndani ya gari lililozamishwa majini. Tena gari lenyewe ni la kampeni ya mwanasiasa Hartmann, anayegombea umeya wa mji.

Kwa nini kila mtu anadanganya

Sasa hebu tutazame watu hawa mmoja mmoja.

Hartmann hakumwua Nanna. Lakini alikataa kueleza alikuwa wapi siku zile. Alikuwa amezidiwa na huzuni ya kufiwa na mkewe, hata akataka kujiua. Aliona aibu kusema. Kwa ajili ya kunyamaza, polisi walimkamata.

Rama, mwalimu wa Nanna, naye hakumwua. Lakini alificha kwamba Nanna alifika nyumbani kwake usiku ule. Aliogopa kushukiwa. Uongo wake ulipojulikana, akashukiwa zaidi.

Theis, baba mtu, naye alikuwa na siri. Alinunua nyumba bila kumwambia mkewe. Siri hii haikuwa na ubaya, alitaka kuwafurahisha jamaa zake. Lakini hata siri njema iliwachanganya watu wakati wa msiba.

Na Nanna mwenyewe je? Wazazi walidhani wanamjua mtoto wao. Kumbe alikuwa na uhusiano na mwanasiasa mmoja, mtu mzima. Tena alikuwa amepanga kuondoka na kijana aliyempenda tangu utoto wao. Wazazi hawakujua hata moja kati ya hayo.

Hapo ndipo tunaona ufundi wa tamthilia hizi. Mtunzi anampa kila mtu jambo la kuficha. Mtu mwenye jambo la kuficha hutazama chini, hubabaika, husema uongo. Basi sisi watazamaji tunasema, "Ni huyu!" Lakini kuficha aibu siyo sawa na kuua. Na wakati polisi wanafukuza uongo wa watu wasio na hatia, mwenye hatia anapata nafasi ya kupumua.

Kikulacho ki nguoni mwako

Rama alikuwa wa jamii ya wahamiaji. Ilikuwa rahisi watu kumnyoshea kidole. Theis aliposikia kwamba mwalimu anashukiwa, hakungoja. Alimchukua akaenda kumpiga vibaya. Aliyekwenda naye ni Vagn, mfanyakazi wake katika kampuni ya kuhamisha mizigo. Vagn alikuwa rafiki wa nyumba. Alikula mezani kwao. Wadogo zake Nanna walimzoea kama mjomba wao.

Mwisho wa hadithi ukweli unajulikana. Muuaji ni Vagn. Hakutaka Nanna aondoke na yule kijana. Siku Rama alipopigwa, muuaji alikuwa pale pale, akisaidia kupiga asiye na kosa!

Theis alipojua, alimpiga Vagn risasi akafa. Je, alipata nafuu? Hapana. Nanna hakurudi. Theis akakamatwa, na Pernille akabaki na watoto wawili wadogo. Mara ya kwanza Theis alijichukulia sheria mkononi akamwumiza asiye na hatia. Mara ya pili alimpata mwenye hatia, lakini bado nyumba yake iliumia.

Funzo kwetu

Hadithi hii imetungwa. Lakini mtoto anaweza kupotea katika kijiji chochote. Likitokea hilo, tukumbuke mambo manne.

Kwanza, tusingoje. Tutoe habari mara moja kwa serikali ya kijiji na kituo cha polisi. Hapa Tanzania ipo pia namba ya simu 116 ya kusaidia watoto, na kuipiga ni bure.

Pili, tuseme yote tunayojua. Kama mtoto aligombezwa jana, tuseme. Kama alikuwa na mchumba, tuseme. Aibu itapita, lakini saa zilizopotea hazirudi.

Tatu, tusimpige mtu kwa kumshuku. Mgeni, mwalimu, au bibi kizee mwenye macho mekundu siyo mwenye kosa kwa sababu tu watu wanasema. Tuwaachie polisi na mahakama.

Nne, tuzungumze na watoto wetu kabla mambo hayajaharibika. Mtoto anayeogopa kupigwa kila anaposema ukweli atajifunza kuficha. Siku akipata hatari, hatatuambia.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Na siri za nyumbani ni vivyo hivyo.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini Hartmann na Rama walisema uongo ingawa hawakuua?
2. Theis angefanya nini badala ya kumpiga Rama?
3. Je, watoto wetu wanaweza kutuambia jambo la aibu bila kuogopa? Kama hawawezi, tufanyeje?