Bizari Ipi? Maneno ya Jikoni na Adabu ya Kusahihishana

Apitaye Garsen akitoka Malindi kwenda Lamu au Hola huuona mji wa njia panda. Aingiaye jikoni siku ya harusi huona kwamba njia panda imo hata katika maneno. Hapa hukutana Wapokomo wakulima wa mpunga na ndizi, Waorma na Wawardei wafugaji, na jamaa zetu wa Lamu, Mombasa na bara. Kila mmoja na jina lake la kitu kilekile.

Tofauti nyingi hazina madhara. Asemaye dania na asemaye kotmiri watakata majani yaleyale, na sima haibadiliki ladha ikiitwa ugali. Lakini lipo neno bizari. Tukipeana mapishi ya pilau na kusema "kikombe cha bizari" tu, mmoja atatia bizari nyembamba, na mwingine, hasa aliyelelewa Tanzania, ambako binzari aghalabu ni manjano, atatia manjano. Chakula cha wageni mia kitoke na harufu ya dawa. Asili ya neno ni Kiarabu, na Oman hadi leo bizari ni mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa, wala si kiungo kimoja. Basi hakuna aliyekosea. Atoaye mapishi ndiye mwenye deni la kufafanua.

Kuhusu wali hatuna upole huo. Wenzetu wa bara husema wamekula mchele, na jikoni hupasuka kicheko. Mpunga, mchele na wali ni hatua tatu (nani azijue kama si watu wa Tana?), nasi tutaendelea kusahihisha. Kinachotutia wasiwasi ni namna tunavyosahihisha.

Mfikirieni bibi arusi wa Kiorma, aliyekulia kwenye mifugo, anayeambiwa "lete mbuzi" naye akatazama zizini, kumbe anatakwa kibao cha kukunia nazi. Akichekwa mbele ya mawifi, hatauliza tena neno lolote, wala hatatufundisha alivyofunzwa na mamake kufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi. Tena katika delta hii, ambako ugomvi wa ardhi na maji ulimwaga damu mwaka 2012 na 2013, kumcheka mtu kwa lugha ya kwao si jambo dogo. Surat al-Hujurat, aya ya 11, inapokataza dharau, imewataja wanawake waziwazi.

Mwamuzi afaaye ni mama anayesimamia masufuria. Aulize kwanza, "Kwenu mwakiitaje?" Kisha alitaje jina litakalotumika siku hiyo, na kiungo chenyewe akionyeshe kiganjani, watu wakione na kukinusa. Atakayeongeza mzaha apelekwe kumenya vitunguu, harusini havikosekani.