Nguzo za Taa: Chagueni Mti Utakaodumu

Wakulima wa Thika na Ruiru si wageni wa stima. Mwanzoni mwa karne ya 20 maji ya Mto Ruiru yalikuwa yakizalisha umeme wa mji wa Nairobi, na katika miaka ya 1920 kituo cha Ndula, katika Mto Thika, nacho kikaanza kazi. Kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya mashamba, na mwenye shamba dogo akabaki na koroboi yake. Siku hizi mambo ni mengine. Vyama vya ushirika vinataka taa katika uwanja wa kiwanda cha kahawa, mahali pa kukusanyia maziwa, na kando ya zizi la ng'ombe.

Lakini mara nyingi taa huchaguliwa kwa uangalifu na nguzo huchaguliwa kwa haraka. Jambo hilo halifai. Nguzo ikianguka, huanguka pamoja na taa na waya, na pengine humwangukia mtu.

MTI GANI UNAFAA?

Mti unaotumika zaidi kwa nguzo katika Kenya ni mkaratusi, ambao wengi huuita bluugamu. Hukua upesi, hunyooka, na una nguvu. Hata hivyo, ukichimbiwa ardhini bila dawa huliwa na mchwa na kuoza baada ya miaka michache tu. Muwati ni mti mwema kwa kuni, makaa na magome ya kutengenezea ngozi, lakini nao haudumu ardhini bila dawa. Kiini cha mtarakwa hustahimili mchwa chenyewe, na ndiyo sababu wazee waliupenda kwa nguzo za ua. Lakini miti hiyo sasa ni adimu, na asiye na kibali halali hana ruhusa ya kuikata msituni.

Kwa hiyo, kwa watu wengi chaguo bora ni nguzo ya mkaratusi iliyotiwa dawa kiwandani. Nguzo hiyo ikitunzwa yaweza kusimama miaka 20 au zaidi.

KWA NINI NGUZO HUOZA CHINI?

Ukungu unaoozesha mti unahitaji unyevu na hewa pamoja. Juu kuna hewa lakini mti ni mkavu. Chini sana kuna unyevu lakini hewa ni kidogo. Pale udongo unapokutana na hewa, vyote viwili vipo. Hapo ndipo nguzo hukatika, ingawa juu yaonekana nzima.

DAWA HUINGIAJE?

Mti humenywa gome na kukaushwa kwanza, maana mti uliojaa maji hauna nafasi ya dawa. Kisha hutiwa katika tangi refu la chuma. Hewa hunyonywa, dawa hufunguliwa, halafu husukumwa ndani ya mti kwa nguvu. Dawa moja inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromi na arseniki, uliobuniwa na Sonti Kamesan huko India mwaka 1933. Huupa mti rangi ya kijani kibichi.

Dawa huingia katika mti mweupe wa nje tu, kiini huikataa. Basi mkulima asichonge nguzo wala asikate kitako chake. Akifanya hivyo amewafungulia mchwa mlango.

KABLA YA KULIPA

1. Tafuteni alama ya mtengenezaji, mwaka na urefu wa nguzo. Isiyo na alama, muulizeni mwenye kuuza ilitoka wapi.

2. Msidanganywe na rangi. Nguzo iliyopakwa oili chafu haikutiwa dawa. Dawa ya kweli imeingia ndani, si juu tu.

3. Vuteni kamba kutoka ncha hadi kitako. Kamba ikitoka nje ya mti, nguzo imepinda mno.

4. Tazameni ncha zote mbili. Nyufa ndogo ni kawaida ya mkaratusi, lakini ufa mpana unaopita katikati ni ubovu.

5. Igongeni kwa nyundo. Mti mzima hulia. Mti uliooza ndani hutoa sauti ya mtungi mtupu.

KUISIMAMISHA

Kanuni ya mafundi ni hii: chukua sehemu moja ya kumi ya urefu wa nguzo, kisha ongeza sentimeta 60. Nguzo ya meta 6 huingia ardhini meta 1 na sentimeta 20. Ya meta 9 huingia meta 1 na nusu. Rudisheni udongo kidogo kidogo, mkishindilia kila sentimeta 15.

Katika udongo mwekundu adui mkubwa ni mchwa. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana sehemu za tambarare upande wa Ruiru na Juja, adui ni udongo wenyewe. Hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na nguzo huinama. Huko jazeni shimo kwa murramu au changarawe, mkainue udongo kuizunguka nguzo ili maji yakimbie.

Msitundike taa zenu kwenye nguzo za kampuni ya umeme. Kazi ya waya ifanywe na fundi mwenye leseni.

ONYO KUBWA

Arseniki ni sumu. Vipande vya nguzo iliyotiwa dawa visitiwe jikoni hata kidogo, wala nguzo kuukuu isipasuliwe kuni. Moto hauondoi sumu hiyo. Hubaki katika jivu na nyingine hutoka na moshi. Jivu hilo lisitiwe shambani, na ng'ombe asilirambe. Takataka za mbao hizo zisitandikwe katika banda la kuku. Mafundi wakimaliza kazi, kusanyeni vipande vyote mahali ambapo watoto hawafiki, na waulizeni maofisa wa mazingira wa NEMA jinsi ya kuvitupa.

Wazee walisema rahisi huvunja upishi. Kamati inayonunua nguzo ya bei ndogo isiyo na dawa itanunua nyingine baada ya muda mfupi, na italipa tena fundi, shimo na gari. Kabla ya kutoa fedha za wanachama, watumeni watu wawili waende wakazikague nguzo kwa macho yao, wakiwa na kamba na nyundo mkononi.