Video Yako Inatoka Giza au Bluu?

Ndugu wakazi, mnaorekodi mafunzo ya kuchanganya ORS kwa kamera ndogo, mara nyingi kamera si mbovu. Hupima mwanga wa picha nzima. Mama akisimama mlangoni, jua likiwa mgongoni kwake, kamera hupunguza mwanga na uso wake hubaki kivuli. Mgeuzeni atazame mlango, mpigaji asimame upande wa mlangoni.

Rangi ya bluu hutoka kwenye turubai la bluu, kwa kuwa mwanga hupita humo. Rekodini nje, kivulini. Kama menyu ya kamera ina kipimo cha rangi nyeupe, ielekezeni kwenye karatasi nyeupe mahali hapo hapo, kisha mthibitishe.

Video iliyokwisha kurekodiwa? Kwenye kompyuta punguzeni bluu, ongezeni mwanga polepole. Penye giza hurudi kiasi, pamoja na chengachenga. Palipoungua kwa mwanga hapana cha kurudisha. Hapo ndipo mstari wa lita 1 kwenye chupa hupotea, na mtazamaji atakisia maji ya pakiti nzima. Mstari usipoonekana, rekodini upya sehemu hiyo.