Udongo Unaokunywa Maji: Ardhi ya Nyika za Narok Ilivyoumbwa na Namna ya Kuitunza

Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa ya masika, ardhi ilifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok. Picha za ufa huo zilizunguka dunia nzima, na watu wengi wakaambiwa kwamba bara la Afrika lilikuwa linapasuka mbele ya macho yao. Ni kweli kwamba Bonde la Ufa linapanuka, lakini hupanuka polepole mno, milimita chache tu kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walioeleza tukio hilo waliyataja maji. Maji yalikuwa yamepenya chini ya udongo mwepesi wa majivu ya volkano, yakauchukua kidogo kidogo kwa muda mrefu, na mwishowe sehemu ya juu iliyobaki kama paa ikaporomoka.

Udongo huo huo ndio unaootesha malisho ya ng'ombe wetu na ngano yetu. Ukifunikwa kwa nyasi, hunywa mvua na kuihifadhi. Ukiachwa uchi, hubebwa na mvua hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza udongo huu ni wa namna gani, ulitoka wapi, na kwa nini mwenye shamba anafaa kufikiri mara mbili kabla ya kuingiza trekta katika malisho ambayo hayajawahi kulimwa.

Unautambuaje?

Chukua jembe na uchimbe shimo la kina cha nusu mita mahali palipo na nyasi za zamani. Tabaka la juu litakuwa la rangi ya kahawia iliyokolea au karibu nyeusi, nene kiasi cha shubiri moja au zaidi. Ukilishika mkononi na kulifinya kidogo, linavunjika kuwa vidonge vidogo kama makombo ya mkate. Utaona mizizi myembamba mingi imeshikana kama nywele. Ukilipima kwa mkono utagundua kwamba ni jepesi kuliko udongo wa mfinyanzi wa ujazo ule ule.

Endelea chini. Hapo rangi inageuka kuwa kahawia au nyekundu kidogo, na inalingana bila madoa. Rangi hiyo ndiyo ushahidi kwamba maji hayatuami. Penye hewa, madini ya chuma yaliyomo katika udongo hubaki na rangi ya kahawia au ya kutu. Penye maji yaliyotuama hewa hukosekana, na udongo hugeuka kijivu wenye madoa ya kutu hapa na pale. Ukiona kijivu na madoa, jua kwamba maji hukaa hapo sehemu kubwa ya msimu.

Rangi nyeusi peke yake isikudanganye. Udongo mweusi wa pamba pia ni mweusi, lakini mvua ikinyesha unanata na kuzamisha magari, na wakati wa kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa ndama. Huo ni udongo wa aina nyingine, na matunzo yake ni tofauti.

Wataalamu huuweka udongo tunaouzungumzia katika makundi mawili yanayokaribiana. La kwanza ni faeozemu, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi iliyokolea na neno la Kirusi lenye maana ya ardhi. La pili ni andosoli, kutokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya udongo mweusi. Andosoli ni zile ambazo bado zina tabia nyingi za majivu ya volkano.

Ulitoka wapi?

Mwaka wa 1941 mwanasayansi Hans Jenny alichapisha kitabu kinachoeleza kwamba udongo wowote ni zao la mambo matano: mawe au vitu ulivyotokana navyo, hali ya hewa, viumbe, umbo la ardhi na muda. Mambo yote matano yanaonekana wazi hapa Narok.

Kwanza ni majivu. Milima ya volkano iliyo katika Bonde la Ufa, Suswa na Longonot ikiwa miongoni mwayo, ilirusha majivu mara nyingi katika zama zilizopita. Upepo wa kutoka mashariki uliyasukuma kuelekea magharibi, yakatua juu ya nyanda na miteremko. Majivu ya volkano si kama yale ya jikoni. Ni vumbi la mwamba na vipande vidogo vya kioo cha volkano, na huoza haraka kuliko mwamba mgumu, yakiachia kalisi, magnesi na potasi, ambavyo ni chakula cha mimea.

Pili ni mvua. Ikizidi sana, huosha virutubishi hivyo na kuuacha udongo ukiwa na asidi, jambo linaloonekana katika sehemu za juu za Mau. Ikipungua sana, chokaa hubaki karibu na juu na kugandamana. Ndivyo ilivyo katika nyanda za mashariki mwa Serengeti nchini Tanzania, ambako chini ya udongo wa majivu kuna tabaka gumu lisilopenyeka kwa urahisi na mizizi. Faeozemu zetu ziko katikati: mvua inatosha kusukuma chumvi ya ziada chini, lakini haijaosha rutuba yote.

Tatu ni viumbe, na hapa nyasi ndizo zenye kazi kubwa. Majani ya mti huangukia juu ya ardhi na kuozea hapo. Nyasi hufanya kinyume chake: sehemu kubwa ya mwili wake iko chini. Kila kiangazi sehemu ya mizizi hufa, na kila masika mingine huchipuka. Mizizi iliyokufa huoza ndani ya udongo wenyewe na kuwa mboji, na mboji ndiyo inayoupa weusi wake. Mchwa, nyungunyungu na wadudu wanaofukia kinyesi cha ng'ombe na cha wanyamapori huichanganya mboji hiyo na udongo wa chini.

Nne ni umbo la ardhi. Mwinuko wa wastani huruhusu maji ya ziada kuondoka. Bondeni, mahali maji yanapokusanyika, utakuta udongo mzito wa pamba, hata kama ni mita mia chache tu kutoka mahali penye udongo mwepesi.

Tano ni muda. Sentimita moja ya udongo wa juu huweza kuchukua zaidi ya miaka 100 kuumbika. Shubiri ya udongo mweusi unayoiona ndani ya shimo lako ilianza kujengwa kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa.

Kwa nini maji hayatuami?

Siri iko kwenye vile vidonge vidogo. Mboji na nyuzi za mizizi huzigandisha chembe za udongo pamoja, na kati ya kidonge na kidonge hubaki nafasi. Nafasi kubwa hupitisha maji na hewa. Nafasi ndogo zilizo ndani ya kidonge hushikilia maji ambayo mimea itayatumia siku za jua. Kwa hiyo udongo unaopitisha maji vizuri si lazima uwe udongo unaokauka upesi. Kichanga hupitisha maji na kubaki mkavu. Udongo wetu hupitisha na pia huweka akiba.

Hebu tupige hesabu. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya ekari moja, huleta zaidi ya lita 120,000 za maji. Hayo ni sawa na matangi 12 ya lita 10,000 kila moja. Ardhi yenye nyasi ikinywa nusu yake tu, umepata zaidi ya lita 60,000 bila kulipa senti. Ardhi ikikataa kunywa, maji hayo hushuka kwa jirani, kisha barabarani, kisha mjini. Wakaazi wa mji wa Narok, uliojengwa bondeni, wanakumbuka mafuriko ya Aprili 2015 yaliyosababisha vifo. Maji yanayofika mjini huanzia kwenye miteremko iliyo juu ya mji, na hali ya ardhi huko ndiyo inayoamua yashuke kwa kasi gani.

Udongo huu hupoteaje?

Tangu miaka ya 1970, sehemu kubwa ya nyanda zetu imekodishwa au kulimwa ngano kwa mashine. Ngano imeleta mapato, na hakuna anayesema isilimwe. Lakini plau inapogeuza udongo kila msimu, hewa nyingi huingia, vijidudu huila mboji haraka, na vidonge huvunjika kuwa vumbi. Matone ya mvua hulipiga vumbi hilo na kuziba nafasi za juu. Kuanzia hapo maji hayaingii tena, bali hutiririka.

Malisho yaliyopitiliza huleta hali hiyo hiyo kwa njia nyingine. Nyasi isiyopewa nafasi ya kuchipuka hupunguza mizizi, na kwato zinazopita njia ile ile kila siku huacha mfereji. Mfereji huo huwa mwanzo wa korongo. Udongo wa majivu hauna gundi kali, kwa hiyo korongo likishaanza hukua haraka, na mara nyingine maji huchimba handaki chini bila dalili juu, kama ilivyokuwa kule Suswa.

Milimita moja tu ya udongo ikiondoka kwenye ekari moja, hizo ni mita za ujazo 4, kiasi kinachoweza kujaza kanta. Kwa macho hutaona tofauti yoyote, na kesho yake shamba litaonekana kama jana.

Unaweza kufanya nini?

Pumzisha malisho kwa zamu. Wazee wetu wa Kimaasai walikuwa na olopololi, malisho yaliyotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Gawa eneo lako na uache kila sehemu ichipuke kabla ya kurudisha mifugo. Mahali palipobaki uchi, panda nyasi kama Boma Rhodes mvua inapoanza.

Ukilima, lima ukikingama na mteremko, usilime kutoka juu kwenda chini. Chimba makinga maji au matuta ya fanya juu, na uotesho nyasi kwenye kingo zake. Acha mabua ya ngano shambani badala ya kuyachoma. Ukiweza, panda bila kugeuza udongo.

Pima udongo kabla ya kununua mbolea. Udongo wa majivu hushikilia fosfeti na kuinyima mimea, kwa hiyo mbolea ya fosfeti iwekwe karibu na mbegu badala ya kumwagwa kila mahali. Samadi husaidia pia.

Zuia korongo likiwa changa. Lenye kina cha goti linaweza kuzuiwa kwa mawe, matawi na nyasi, na familia moja huimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Likifikia kina cha nyumba, hiyo ni kazi ya mitambo.

Mwisho, jipimie mwenyewe. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji na uyaache yaishe. Lijaze tena na upime kwa rula yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka kati ya sentimita 2 na 8, udongo wako bado unakunywa vizuri. Fanya hivyo kwenye malisho yenye nyasi, kisha kwenye shamba lililolimwa miaka mingi, na ulinganishe.

Katiba ya 2010 imeipa serikali ya kaunti jukumu la kutekeleza sera za hifadhi ya udongo na maji, na afisa wa kilimo wa wadi yako yuko kwa ajili hiyo. Mwonyeshe matokeo ya mashimo yako mawili. Ikiwa familia inajadili kukodisha malisho ili yalimwe, fanyeni kipimo hiki kwanza, na muulize pia mkodishaji ataiacha ardhi katika hali gani mkataba utakapokwisha. Kodi ya ekari hulipwa kwa msimu, na udongo uliobebwa na maji haurudi katika maisha yetu wala ya watoto wetu.