Jiji la Kampala linavyobisha hodi Bungeni

MAKAO makuu ya Jiji la Kampala na jengo la Bunge la Uganda ni majirani, katikati kabisa ya mji. Mtu akitoka kwenye ofisi za jiji na soda mkononi atafika lango la Bunge kabla hajaimaliza. Lakini shilingi ya jiji ikitoka hapo kwenda kuombewa ruhusa ya kutumika husafiri miezi kadhaa, na pengine isirudi.

Naandika haya kwa sababu ya maneno niliyoyasikia ndani ya basi la usiku nikitoka huko kurudi Kigali. Akina mama wa vitenge walikuwa wakilalamika. Mmoja mgambo walimnyang'anya mzigo kando ya barabara, mwingine kodi ya stoo yake ya Kikuubo imepandishwa, wa tatu mvua imemharibia bidhaa kwa sababu mitaro imeziba. Kila mmoja alikuwa na lake, lakini mshitakiwa wao alikuwa mmoja tu, Meya. Nilinyamaza, maana basi la usiku si mahali pa kutoa mhadhara. Ndugu msomaji, huo mhadhara nautoa hapa.

Sisi tuliokulia Kampala tukiwa watoto wa wakimbizi tunaukumbuka mji uliokuwa na halmashauri yake kama miji mingine. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, Meya alichaguliwa na wananchi, madiwani wakakaa kikao, ushuru ukakusanywa na kutumika, vizuri au vibaya. Mambo yakabadilika mwaka 2005, Katiba ilipofanyiwa marekebisho na kuandikwa kwamba Kampala itasimamiwa na Serikali Kuu. Sheria ya Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala ikapitishwa mwaka 2010 na kuanza kufanya kazi mwaka 2011, na ndipo lilipozaliwa jina la KCCA ambalo kila mchuuzi analijua.

Sheria hiyo ililipa jiji vichwa viwili. Kuna Meya, ambaye wenyewe wanamwita Lodi Meya, anayepigiwa kura na wakazi. Halafu kuna Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, na huyu ndiye anayeshika fedha na kuwaamuru watumishi. Juu yao wote yupo Waziri wa Kampala, ambaye wizara yake iko chini ya Ofisi ya Rais. Hivyo basi, jiji linapotaka kusema jambo mbele ya Bunge, swali la kwanza ni nani atakayesema.

Mwaka 2011 Lodi Meya alikuwa Erias Lukwago, wakili wa upande wa upinzani aliyetoka kuwa mbunge wa Kampala ya Kati. Mkurugenzi alikuwa Jennifer Musisi, aliyetokea Mamlaka ya Mapato. Wawili hao hawakuelewana. Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa Lukwago na mgogoro ukaenda mahakamani. Wapiga kura walimrudisha mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Musisi alijiuzulu mwishoni mwa 2018. Katika miaka yote hiyo jiji lilikuwa na sauti mbili, moja ikilalamika redioni na nyingine ikiwasilisha makaratasi kwenye kamati. Kwa mtazamo wangu ile ya makaratasi ndiyo iliyoleta barabara, ingawa ile ya redioni ndiyo iliyopewa kura.

Tuyatazame hayo makaratasi. Katika bajeti ya taifa la Uganda, KCCA ina fungu lake, namba 122, kama ilivyo kwa wizara. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, hata fedha ambazo jiji linakusanya lenyewe, za leseni, maegesho na majengo, huingia kwanza Mfuko Mkuu wa Hazina, kisha jiji huzipata pale Bunge linapoidhinisha. Yaani ile ada unayolipa asubuhi haibaki kwenye droo ya yule aliyekukatia risiti.

Sheria hiyo ya 2015 imeweka na kalenda. Mwongozo wa bajeti lazima ufike Bungeni ifikapo Desemba 31, na Bunge liupitishe ifikapo Februari 1. Taarifa za sera za kila fungu zinatakiwa ifikapo Machi 15. Bajeti yenyewe huwasilishwa Aprili 1 na kupitishwa ifikapo Mei 31. Ile hotuba ya Juni ambayo sote tunaisikiliza redioni kujua kama kodi ya bidhaa fulani imepanda ni kama kutangaza ndoa iliyokwisha kufungwa.

Kati ya Desemba na Mei ndipo wakuu wa jiji wanapoitwa mbele ya kamati ya Bunge inayoshughulikia mambo ya Ofisi ya Rais. Wanafika na vitabu vya tarakimu, na mwishoni mwa vitabu hivyo huwa kuna orodha ya mahitaji yasiyopatiwa fedha. Kwa mtu anayetaka kujua jiji linaumwa wapi, asome orodha hiyo kwanza. Utakuta mitaro, taka, taa za barabarani, shule, fidia za wenye ardhi. Kamati inasikiliza, inauliza maswali makali, kisha inaandika katika ripoti yake kwamba inapendekeza fedha zitolewe.

Inapendekeza tu. Ibara ya 93 ya Katiba ya Uganda inalizuia Bunge kujadili hoja ya kuongeza mzigo kwenye Mfuko Mkuu isipokuwa hoja hiyo imeletwa kwa niaba ya Serikali. Kwa hiyo mbunge anaweza kuamini kabisa kwamba jiji linahitaji mabilioni, akapiga na meza, lakini Wizara ya Fedha isipokubali hakuna kitakachoongezeka. Ndiyo maana wakurugenzi wenye uzoefu huanza kwenda Wizara ya Fedha mapema, mwongozo wa bajeti ukiwa bado unaandikwa, na kamati wanaitumia kama shahidi wa kuwasaidia baadaye.

Orodha ya namna hiyo si mchezo. Jaa la taka la Kiteezi, nje kidogo ya jiji, lilifunguliwa mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba limejaa. Agosti 10, 2024, baada ya mvua kubwa, lundo liliporomoka na kufunika nyumba za watu. Miili iliyoopolewa ilifikia 35. Mwezi uliofuata, baada ya uchunguzi, Rais alimfuta kazi Mkurugenzi Mtendaji Dorothy Kisaka pamoja na naibu wake na mkurugenzi wa afya. Sina haja ya kuhukumu kesi ya watu hapa. Lakini jaa lililojaa huonekana kwa macho, na jaa jipya halipatikani bila ardhi, barabara na mitambo, na vyote hivyo ni mistari ya bajeti inayopita mezani mwa watu wengi kila mwaka, kuanzia ofisi za jiji, Hazina hadi kamati. Waliokuwa wakiishi chini ya lundo hawakuwa na kiti katika meza hata moja.

Utauliza, je, wabunge wa Kampala wenyewe wako wapi? Wapo. Katika Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 jiji lilikuwa na viti kumi, tisa vya majimbo na kimoja cha mwakilishi wa wanawake. Bunge zima lilikuwa na wabunge 529. Karibu viti vyote hivyo kumi vilichukuliwa na upinzani, katika Bunge ambalo chama tawala kilikuwa na wingi wa kutosha kupitisha chochote. Kumi kwa hesabu hiyo ni chumvi kwenye sufuria ya harusi.

Tena hata hao wachache hawapendi kila kitu ambacho jiji linakipenda. Jiji linataka ushuru na barabara zisizo na wachuuzi. Mbunge anataka kura za wachuuzi. Wenye umri wangu wanaikumbuka ile kodi ya kichwa, ambayo kila mwanaume mzima alitakiwa kuilipa na kutembea na tiketi yake. Marehemu baba aliiweka ndani ya soksi, maana kuipoteza ilikuwa sawa na kutolipa, na vizuizi vya askari havikuwa na huruma. Uchaguzi wa 2001 ulipokuja, kiwango cha chini kilishushwa hadi shilingi 3,000. Mwaka 2005, uchaguzi wa 2006 ukinukia, ikafutwa kabisa. Watu walishangilia, na mimi sikuona wa kumlaumu. Lakini ilikuwa nguzo ya mapato ya serikali za mitaa nchi nzima, na kodi mbili za kuifidia, ya huduma na ya hoteli, zilikuja mwaka 2008 tu. Kwa miaka hiyo ya katikati miji ilikaa ikingoja ruzuku kutoka Hazina.

Mwaka huohuo wa 2005 Bunge lilipitisha sheria ya kodi ya majengo ya serikali za mitaa. Ndani yake kuna msamaha: nyumba anayoishi mwenyewe hailipi. Ukisikia hivyo unamfikiria kikongwe wa Katwe na vyumba vyake viwili. Lakini msamaha huo unamfunika na mwenye jumba la ghorofa kule Kololo, mradi alale humo mwenyewe. Wanaobaki ni wenye majengo ya biashara na ya kupangisha. Mwenye jengo la Kikuubo akiletewa hesabu ya jiji haimalizi mfukoni mwake, huigawa kwa wapangaji, na mpangaji huigawa kwenye bei ya doti. Kwa hiyo yule mama wa basini aliyepandishiwa kodi ya stoo, sehemu ya jibu lake iko katika kifungu cha sheria kilichopitishwa Bungeni miaka ishirini iliyopita, ambacho Meya hawezi kukifuta hata akitaka. Viwango vya leseni ya biashara navyo ni hivyohivyo, jiji linakusanya lakini hutangazwa na waziri wa biashara chini ya sheria ya Bunge.

Wafanyabiashara wa Kampala wameielewa hali hii, na wengi wao sasa wanaruka ngazi. Aprili 2024 walifunga maduka kwa siku kadhaa kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato. Hawakuandamana kwenda kwa Lodi Meya. Walidai kuonana na Rais, na Rais akakutana nao. Njia hiyo ni ya haraka, lakini ni ya wenye kufuli kubwa. Muuza nyanya hana duka la kufunga, na msafiri kama sisi akifunga biashara yake hakuna atakayejua.

Nisije nikaonekana nawacheka jirani. Hapa Rwanda sheria ya 2018 ya mapato ya serikali za mitaa iliruhusu ada ya ardhi kufika faranga 300 kwa mita ya mraba, wakati awali mwisho ulikuwa 80. Watu walipiga kelele, mwishoni mwa 2020 utekelezaji ukasimamishwa, na sheria mpya ya 2023 ikarudisha mwisho wa 80. Bunge ndilo linaloweka ukingo wa juu na wa chini, baraza linachagua ndani ya ukingo huo. Na mwaka 2019 sheria nyingine ilizivua wilaya za Nyarugenge, Gasabo na Kicukiro hadhi yao ya kisheria na kuyaweka mamlaka kwa Jiji la Kigali. Tofauti ni kwamba mijadala yetu hupita zaidi kwenye jumuiya ya serikali za mitaa, RALGA, na kwenye vikao vya ndani, kelele zikiwa chache.

Waliorudi kutoka Tanzania nao wanayo yao. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa mwaka 1996 na kuwekwa Tume hadi 2000, kisha Februari 2021 ikavunjwa tena na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa kwenye umeme. Haya yote yalitokea ingawa kule mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani kwa mujibu wa sheria, jambo ambalo lingetosha kumfanya mtu afikirie kwamba jiji linasikika vizuri zaidi.

Sisi wa mpakani hatuna kura Kampala. Tunalipa tu. Hata hivyo wenyeji tunaonunua kwao wana kura, na wana vyama vyao vya soko na vya mtaa. Kamati za Bunge hupokea maoni ya maandishi kutoka kwa makundi ya watu, na chama cha wauzaji wa mtaa mmoja kinaweza kuandika kurasa mbili kuhusu mtaro unaofurika stoo zao na kuzipeleka kwa kamati, nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji. Cha kuangalia ni tarehe. Barua ya Februari inawakuta wakiwa bado wanaandika taarifa ya sera ya Machi 15. Ya Juni itapokelewa, itagongwa muhuri, na itangoja hadi Desemba. Safari ijayo nitakapokwenda kuchukua mzigo, mwenye duka wangu wa Kikuubo nitamwachia kalenda hiyo imeandikwa kwa mkono, maana ya kwake ukutani ina picha ya simu na sikukuu tu.