Mashine ya Kukatia Majani Chini ya Mikarafuu



Majani chini ya mikarafuu yataka kufyekwa kabla ya kuchuma. Anunuaye mashine ya kusukuma huko Buguruni au Kariakoo na aiwashe papo hapo: akiachia mkono wa breki, sharti injini izimike, isipozimika, asiinunue.

Shambani aokote kwanza mawe na vifuu, awaweke watoto mbali, avae viatu vigumu. Penye mteremko asukume kwa upande, si juu na chini. Majani yakiziba, azime injini, achomoe waya wa plagi, ndipo atie mkono. Petroli haitiwi injini ingali moto.

Karibu na shina atumie mundu, kwani mizizi ya mkarafuu iko juu juu, nayo ikikatwa mti hudhoofika.

Mashine ikivunjika, spea ipo Kariakoo; kidole hakina spea.

Katibu