Kuteleza, Kurejea na Kukatika: Istilahi za Takwimu za Uraibu

Maneno uraibu na mraibu yamekwisha kupata makao katika lugha yetu. Taabu ya mfasiri huanza akutanapo na ripoti inayopima jinsi waraibu wanavyobadilika kadiri muda unavyopita.

Kosa la kwanza ni kutumia neno moja, "kurudia", kwa mambo mawili. Aliyeacha sigara akavuta moja arusini, kisha asivute tena, ameteleza. Aliyeanza upya kuvuta kila siku amerejea. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kuteleza si kuanguka. Mtakwimu naye hutaka vivyo hivyo. Mwaka 1971 Hunt, Barnett na Branch wa Marekani walilinganisha walioacha heroini, tumbaku na pombe, wakaona mistari mitatu ikishuka karibu kwa namna moja, na kwa kasi kubwa katika miezi mitatu ya mwanzo. Lakini mstari kama huo hushuka upesi au polepole kwa kutegemea ni lipi limehesabiwa: kuteleza au kurejea.

Gumu zaidi ni istilahi ya wale ambao ufuatiliaji wao ulikoma kabla ya tukio kuonekana. Kiingereza hutumia hapa neno litumikalo pia kwa kuzuia maandishi yasichapishwe. Mfasiri akiandika "taarifa zilizodhibitiwa", msomaji atadhani kuna mkubwa aliyezificha! Napendekeza "taarifa zilizokatika".

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 10 waliacha pombe siku moja. Mwezi wa pili 2 walirejea. Mwezi wa tatu 2 walihama, wasionekane tena. Mwezi wa nne mmoja kati ya 6 waliobaki alirejea. Mwezi wa sita ufuatiliaji ukaisha. Kwa njia waliyoieleza Kaplan na Meier mwaka 1958, twazidisha 8/10 kwa 5/6, twapata kama asilimia 67 ya waliodumu. Tukiwahesabu waliohama kuwa wamerejea, twapata asilimia 50. Tukiwahesabu kuwa wamedumu, 70. Ofisa anayegawa fedha za kliniki hawezi kuzichukulia namba hizi kuwa sawa. Tena njia hiyo ina sharti: waliokatika wasiwe tofauti na waliobaki. Kwa waraibu sharti hili ni zito, maana anayetoweka mara nyingi hutoweka kwa sababu amerejea.

Mistari hii huitwa pia "mistari ya uhai", jina lililotoka katika hesabu za vifo. Kwa uraibu latatanisha, kwani aliyerejea yu hai. "Mstari wa kudumu" wafaa zaidi, mradi tuseme kudumu katika nini. Katika kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, kudumu katika tiba ni kipimo kimoja, na kudumu bila heroini ni kingine. Mgonjwa aweza kuhudhuria kila siku na bado akateleza.